Nilivyomwita Mwenye Jumba

Mimi shule sikwenda, lakini mtu akisema mbele yangu mara mbili, mara ya tatu nasema mimi badala yake. Paroko nimemwiga nyuma ya sakristia mpaka katekista akaitikia. Mwenyekiti wa mtaa nimemwiga dirishani kwake, mke wake akaniuliza kama chai nitakunywa sasa hivi au baadaye. Hapa Bombambili wananiita redio. Sikasiriki. Redio inazimwa, mimi nani atanizima.

Ndiyo maana kwenye misiba nilikuwa na kazi. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mhehe akifia huku Songea, sisi ndio tunafika kuharibu kilio. Unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unagomba kama yeye, unauliza nani huyu kakalia kiti changu. Waliokuwa wanalia wanacheka, wakimaliza kucheka wanalia vizuri zaidi. Lakini kazi hiyo ina mpaka. Shangazi yangu aliyenifundisha alikuwa na meno machache, maneno yake yalitoka na upepo. Akaniambia, "Sauti ya marehemu mwisho wake ni siku ya kuanua matanga. Baada ya hapo usimkohoe hata ukiwa peke yako chooni. Ukimwita anakuja, na akija huna pa kumweka. Na utakachoahidi kwa mdomo wake, umeahidi wewe."

Sasa hilo jumba. Liko nje ya mji, ukishaiacha Mfaranyaki nyuma na lami ikakuacha wewe. Alilijenga Mhehe mmoja mnunuzi wa tumbaku, enzi tumbaku ya moshi ina heshima yake. Ghorofa, matofali ya kuchoma, nguzo mbele kama kanisa, madirisha yana nondo nene utafikiri anafuga simba. Nyuma kuna mabani, vile vibanda virefu vya kukaushia tumbaku. Nilikuwa kibarua pale, tunachambua majani, yeye anapita mikono nyuma, kidevu juu. Alikuwa lazima akohoe ndipo aamuru. "Ehe-hem. Sikia. Nasema mara moja." Sauti inapitia puani, polepole, kama mtu anavuta mkokoteni mlimani. Na mimi namjibu kwa sauti hiyo hiyo, "Ehe-hem. Sikia. Yule mbwa umemla wote au umetubakizia mkia?" Vibarua wanaanguka kwa kucheka, maana Wahehe tunawatania kwa kula mbwa, nao wanatutania kwa kula panya. Naye ananiambia, "Mla panya wewe, ngoja nife, utanililia."

Akafa kweli, na nikamlilia. Nilivaa koti lake refu la kijivu, lile la baridi ya Iringa, nikamwiga mpaka wajane wakashika mbavu. Matanga yakaanuliwa, nikasukutua mdomo kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kama inavyotakiwa, koti nikalivua, na sauti nikaiacha pale pale. Watoto wake wakarudi Dar es Salaam, wakaligombania jumba, halafu wakalisahau. Akabaki mlinzi, Myao mmoja wa Tunduru, mtu wa swala tano, mpole, ambaye hata wakati ule alikuwa hasikii utani. Ukimwambia mbuzi ameingia ofisini, anakwenda kumtoa.

Aliyenipeleka huko tena ni mjukuu wangu wa kike. Anapiga picha za harusi na za kipaimara, ana chumba chake cha kazi Mfaranyaki. Anaongea kama anakimbiza basi. "Bibi, maharusi siku hizi hawataki bustani, wanataka palipobomoka, yaani ukuta umechubuka, mwanga unaingia hivi, nikipata picha za pale nikazitundika ukutani nitawachukua wote."

Nikamwambia, "Hata mimi nimechubuka. Nitundike mimi."

"Bibi, twende tu. Mlinzi anakujua."

Sikuwa na hofu ya jumba. Hofu yangu ilikuwa kifua chake. Ana pumu tangu anatambaa, na mimi ndiye niliyemlea nikiwa nahesabu pumzi zake badala ya kulala. Nikamuuliza pampu ya dawa iko wapi. Akaitoa mkobani akanionyesha, akairudisha. Nikaridhika.

Tulikwenda asubuhi, jua zuri. Bodaboda alitushusha barabarani, akakataa kupanda kile kinjia. "Bibi, mie naishia hapa. Pale watu wanamsikia mzee anakohoa."

"Anayekohoa ni pikipiki yako," nikamwambia. Hakucheka. Aligeuza pikipiki akaondoka, hata nauli hakungoja, na ni bodaboda wa Songea. 

Tukafika barazani. Tukapiga hodi, tukazunguka, tukapiga tena. Kimya. Geti la chuma la mlango mkubwa lilikuwa wazi, kofuli linaning'inia kwenye komeo. Mjukuu wangu akaweka mkoba wake barazani, karibu na nguzo, ili usiingie vumbi. Simu yake humo, pampu yake humo. Akaingia na kamera tu shingoni. Mimi simu yangu ilikuwa nyumbani inachaji, kama kawaida yake, ile simu inakaa kwenye umeme kuliko friji.

Ndani kulikuwa na baridi ya kaburi. Harufu ya mkojo wa popo inachoma macho. Dari limeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe, linasubiri kupasuka. Ukutani kuna madoa meupe ya mraba, picha zilipokuwa zimetundikwa. Vumbi limelala kila mahali, nene, ungeweza kupanda mchicha. Isipokuwa sehemu moja. Kutoka mlangoni mpaka katikati ya sebule kulikuwa na njia imefagiwa. Safi kabisa, fagio limeacha mistari. Na mwisho wa ile njia kuna kiti chake kile cha mninga, kimefutwa mpaka kinang'aa, kinatazama mlango.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Mama, tutoke."

"Bibi, hii ndiyo picha yenyewe." Akapiga kiti. Akapiga njia. Akapanda ngazi za mbao, kila ngazi inalia kivyake, akapotelea juu. Namsikia tu, kamera inabofya, taa yake inamulika kama radi ya mbali, halafu popo wanajigeuza kwenye dari, mamia, kama mtu anakunja karatasi kubwa polepole.

Nikabaki na kiti. Sikukipa mgongo na sikutaka kukitazama, kwa hiyo nikasimama kwa ubavu kama kaa. Nyumba yangu mimi haijawahi kunyamaza, hata nikiwa peke yangu kuna watu watano wanaongea, wote ni mimi. Pale nilijaribu kumwiga bodaboda nijichekeshe, sauti ikagoma.

Mjukuu akaita kutoka juu, "Bibi, sema kitu, nijue uko wapi."

Ningesema nipo hapa. Neno fupi, halina gharama. Lakini mtu mwoga hukimbilia alichozoea, na mimi nimezoea utani. Nikaweka mikono nyuma, nikainua kidevu.

"Ehe-hem. Sikia. Nani huyo anatembea juu ya kichwa changu? Mlinzi. Funga geti. Asitoke mtu."

Ilitoka nzima. Haikuwa kama ninapoiga watu, unatafuta koo, unakosea kidogo, unarekebisha. Ilitoka kama ilikuwa imekaa mlangoni inangoja kufunguliwa. Juu mjukuu wangu akaanza kucheka, halafu akaacha katikati.

Nje, upande wa nyuma, mtu akaitika, "Naam, mzee."

Nikasikia miguu inaburuzwa barazani. Geti likalia. Kofuli likabana, ka. Nilipogeuka, kwenye dirisha lilipita koti refu la kijivu. Lile lile. Lile nililovaa mimi msibani. Lilipita taratibu, mikono nyuma, sikuona kichwa kwa sababu kioo cha juu kilikuwa kimejaa ukungu wa miaka. Nataka niwe mkweli, kanga yangu ililowa. Nilitaka kusema Salamu Maria, nikaanza na Baba Yetu, nikaishia katikati ya Atukuzwe.

Juu nako kukachafuka. Mjukuu alipostuka aligonga kitu, popo wakaachia dari wote kwa pamoja. Walishuka na ngazi kama maji machafu, wanapita masikioni, na yeye katikati yao amejifunika uso kwa blauzi, vumbi la mavi yao linamfuata kama moshi. Akafika chini anakohoa. Akaniangalia, akanyoosha kidole mlangoni, yaani mkoba. Nikajua.

Tukakimbilia getini. Mkoba ulikuwa pale pale karibu na nguzo. Nilipenyeza mkono kwenye nondo mpaka bega likakataa, vidole vinachezea hewa. Na karibu na mkoba, kwenye ngazi ya baraza, ameketi lile koti. Lilikuwa na kichwa jamani, asante Mungu, kichwa cha mlinzi. Amezeeka kuliko mimi, kofia yake ya kiua imekuwa rangi ya chai, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Panga liko magotini. Ananikodolea, lakini haoni.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Ni mimi, yule kibarua wa mabani, mwenye mdomo. Tufungulie."

"Mwenye mdomo namkumbuka," akasema, taratibu kama anachagua mchele. "Alikuwa binti."

"Nimezeeka, baba. Fungua, mtoto anaumwa kifua."

"Mzee kasema asitoke mtu."

"Mzee alikufa. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Nililibeba. Bega hili. Lakini leo kaniita, wallahi. Wewe si ulikuwa humo humo ndani? Hukumsikia?"

Nikamwambia ilikuwa ni mimi, nilikuwa natania. Akatabasamu, kwa huruma, kama unavyomtabasamia mtoto aliyesema ameua chui. "Mama, nimemtumikia mzee tangu sina mvi. Leo wewe unifundishe sauti yake?"

"Basi tupitishie huo mkoba tu. Hapo mguuni kwako. Usifungue."

"Akisema funga, cha ndani hakitoki, cha nje hakiingii. Ndivyo alivyonilea."

Nyuma yangu mjukuu alikuwa ameketi sakafuni, kwenye ile njia iliyofagiwa, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kifua kinapiga filimbi. Mimi naijua ile filimbi. Ikilia kwa nguvu bado kuna nafuu, ikianza kuwa nyembamba ndiyo mbaya. Ilianza kuwa nyembamba. Nikavuta geti, nikagonga kofuli kwa ubao wa ngazi, ubao ukavunjika. Nikapiga kelele za mwizi, zikarudi zenyewe kutoka kwenye mabani. Mjukuu akapiga sakafu kwa kiganja, mara moja, hana pumzi ya kuniita. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Ufunguo ulikuwa shingoni kwa mlinzi, kwenye kamba. Mtu mmoja tu angeweza kuutoa pale, na mtu huyo amezikwa nyuma ya jumba.

Nimeiga watu maisha yangu yote sijawahi kuogopa kufungua mdomo kama siku ile. Mara ya kwanza sauti iliniponyoka. Mara ya pili unamwita kwa makusudi, umekaa nyumbani kwake, mbele ya kiti chake. Nilihisi kile kiti mgongoni kama unavyohisi moto.

"Ehe-hem."

Mlinzi akasimama. Akavua kofia. "Naam, mzee."

"Sikia. Nasema mara moja. Fungua geti."

Akatoa kamba shingoni, akapapasa kofuli, ufunguo ukaingia. Halafu mkono ukasimama.

"Mzee," akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo, "kabla sijafungua. Uliniambia utanipeleka Tunduru wewe mwenyewe, nikapumzike kwetu. Ukasema nisiondoke mpaka uniambie. Nikangoja. Nakufagilia njia, nakufutia kiti. Sasa nikikufungulia utatoka tena, na mimi macho sina, nitakufuata wapi? Niambie kwanza."

Nikamsikia shangazi, na upepo wake wa meno. Utakachoahidi kwa mdomo wake, umeahidi wewe. Nikamtazama mjukuu wangu. Hakuwa ananitazama tena.

"Nitakupeleka," nikasema.

"Lini, mzee?"

"Kesho."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kafunge mzigo wako. Na safari hii usisahau chandarua."

Mlinzi akaweka mkono mdomoni. "Chandarua," akasema. "Bado unakikumbuka kile chandarua." Akaanza kucheka na kulia, vyote pamoja, huku anazungusha ufunguo.

Mimi sijui chandarua gani. Mpaka leo sijui. Sikuwahi kusikia habari ya chandarua kwenye lile jumba, sikuwa nimepanga kukitaja, na sina sababu. Neno lilipita mdomoni kwangu kama mpita njia anayekata uani kwako bila hodi. 

Geti likafunguka. Niliruka na mkoba, nikaumwaga wote, nikamwekea pampu mdomoni. Puu. Tena. Nikamshika kifua kama nilivyomshika akiwa mchanga. Filimbi ikarudi kwa nguvu, na mimi nikashukuru kelele ile kuliko kwaya yoyote. Rangi ikaanza kurudi kwenye midomo. Akavuta hewa, akasema neno lake la kwanza. "Bibi. Usirudie."

Tulipomtoa barazani, mlinzi alikuwa ametusubiri. Akanyoosha mkono, akapapasa bega langu, akashuka mpaka kwenye kiwiko, akanishika mkono huu mkavu wa kibibi.

"Mzee," akasema, "umepungua sana."



Nyumbani mjukuu wangu alisema, "Bibi, tumwambie mtendaji wa mtaa, serikali itampeleka." Alikuwa na akili, na mimi nilitaka sana kumkubalia. Lakini niliwaza siku mlinzi atakapongoja na mzigo wake barazani, na mzee asije, na yeye aanze kumwita. Na nikawaza kwamba aliyeitwa mara mbili na akaitika, huenda mara ya tatu akaja bila kuitwa na mtu. Asubuhi tukamfuata. Alikuwa ameshajifunga, ameketi kwenye ngazi na koti lake, na juu ya mzigo ameweka chandarua kimekunjwa vizuri, cha zamani, kimetiwa viraka.

Kwenye basi la Tunduru aliketi dirishani, mimi katikati, mjukuu pembeni, kamera ameiacha nyumbani. Kila mara mlinzi ananigusa goti. "Mzee, tumeshafika Namtumbo?" Ninanyamaza. Anauliza tena, sauti inapanda, mikono inaanza kutafuta, anataka kusimama basi linakwenda. Basi nainama sikioni kwake, "Ehe-hem. Bado. Tulia." Anatulia. Na kila nikifanya hivyo inakuwa rahisi zaidi, hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa haikwaruzi tena kooni.

Kondakta akaja kasimama juu yetu, anatafuna bigijii. "Bibi, sauti hiyo ya mwanaume inatoka wapi? Kuna abiria chini ya siti?"

"Huyo amelipa," nikamwambia. "Alilipa zamani." Akaondoka, na hakurudi upande wetu mpaka mwisho wa safari. Mjukuu wangu alinishika kidole kimoja, akakishikilia njia nzima. Nilipotaka kuongea naye habari ya kawaida, ya mboga, ya majirani, nilikuwa nasita kwanza, nasikiliza koo langu mwenyewe, kujua nani yuko zamu.

Tulimkuta dada yake yuko hai, nyumba ya pili kutoka msikitini, mwanamke mfupi aliyejaa maswali. Akamkumbatia kaka yake, akalia, akamshukuru Mwenyezi Mungu, akatukaribisha uji. Halafu akatutazama. "Na hawa ni nani?"

"Huyu ndiye mzee wangu," mlinzi akasema, ameniwekea mkono begani, kwa fahari. "Aliniahidi atanileta mwenyewe. Kanileta."

Dada mtu akanitazama kutoka kitambaa mpaka ndala. Akarudi nyuma hatua, akamvuta mjukuu wake mdogo aliyekuwa anacheza pale mlangoni.

Mlinzi akapapasa mpaka akapata mkono wangu, akaushika kwa yake yote miwili. "Mzee, mimi nimefika. Kazi yako kwangu umeimaliza. Sasa na wewe nenda ukapumzike, usirudi tena kukaa kwenye kile kiti. Hakuna wa kukufagilia."

Alingoja jibu. Nikafungua mdomo, na mjukuu wangu akanibana kidole mpaka kikauma, kwa sababu hata yeye hakujua nani atajibu. Mimi pia sikujua. Koo likakereketa. Nikakohoa, na kikohozi kilikuwa chembamba, cha kibibi, cha vumbi la safari.

"Asante, baba," nikasema.

Akageuza shingo haraka. Akatazama huku na huku na macho yake meupe, akasikiliza, kisha akaniachia mkono taratibu.

"Mama," akaniambia, "mzee ametoka sasa hivi tu. Umemwona?"

Nikamwambia nimemwona.